Mashine ya TENS na bega linalouma: jinsi ya kuitumia hadi mkono urudi kunyanyuka

Bega likiuma, usiku huwa mrefu. Ukilalia ubavu wenye bega bovu unaamka, ukigeukia wa pili mkono unaning'inia na kuvuta. Kukikucha, kuvaa shati kunakuwa kazi ya watu wawili, na mkono ukitaka kufika nyuma ya kiuno unakwama njiani. Nimeishi na bega la namna hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Miongoni mwa vitu vilivyonisaidia ni mashine ndogo ya TENS, ile yenye nyaya na pedi za kubandika, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Lakini wiki tatu za mwanzo haikunifaa kitu, kwa sababu niliitumia vibaya: nguvu kidogo mno, pedi mahali pasipo pake, kisha nikawa najilaza tu nikisubiri bega lipone. Nimeandika mwongozo huu ili wewe usizipoteze wiki hizo tatu.

Kabla ya kuchomeka waya wowote, elewa jambo hili: TENS huleta nafuu, haiponyi. Haiungi kano iliyochanika, wala hailegezi kiungo kilichokaza. Inapunguza maumivu kwa muda, na kazi yako wewe ni kuutumia muda huo kulisogeza bega. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Umeme huo unafanya nini mwilini

TENS ni kifupi cha jina la Kiingereza la tiba ya kusisimua neva kwa umeme kupitia ngozi. Ukigonga kiwiko mlangoni, mkono wa pili hukimbilia kukisugua kabla hujafikiri, na maumivu hupungua. Kuna sababu. Neva nene hubeba habari za mguso na neva nyembamba hubeba habari za maumivu, na zote hupitia kwenye uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba hapo pana kitu mithili ya lango: habari za mguso zikija kwa wingi, habari za maumivu hubanwa zisipite zote. Mashine inafanya kazi ile ile ya kusugua, ila bila kuchoka. Zaidi ya hapo, umeme huu huuchochea mwili kutoa dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko mashine. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kuhusu kumweka samaki mwenye umeme kwenye kichwa au mguu wa mgonjwa ili kutuliza maumivu.

Je, inasaidia kweli? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti 381 za maumivu ya aina mbalimbali, ulionyesha kwamba TENS hupunguza maumivu wakati mashine inafanya kazi na mara tu baada ya kuzimwa, na kwamba madhara yake ni madogo. Kwa bega peke yake ushahidi ni hafifu zaidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu ugonjwa wa kano za bega yalikuta tafiti chache za TENS, nyingi zikiwa ndogo. Ndiyo maana nasisitiza upime mwenyewe na uandike unachokiona, usitegemee kuhisi tu kwamba inafanya kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni bega, na ni bega la kutulizwa nyumbani

Si kila maumivu ya bega yanatoka kwenye bega. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, kutokwa jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo: nenda hospitali sasa hivi. Kibofu cha nyongo kikiwa na shida, maumivu yake yanaweza kusikika kwenye bega la kulia. Hayo hayatibiwi kwa pedi.

Muone daktari kwanza, bila kugusa mashine, ikiwa bega liliumia kwa kuanguka au ajali, limebadilika umbo, limevimba na kuwa jekundu na la moto huku una homa, au mkono umeishiwa nguvu ghafla. Fanya vivyo hivyo ikiwa maumivu yanakuamsha kila usiku huku unapungua uzito bila sababu. Kutuliza maumivu ambayo chanzo chake hakijulikani ni kumziba mdomo mtu anayepiga kelele kwamba nyumba inaungua.

Mabega yanayofaa kwa mwongozo huu ni yale ambayo yameshaangaliwa: kano zilizochoka au kuvimba, kiungo kilicholika kwa umri, misuli iliyokaza kati ya shingo na bega, na bega lililoganda. Hili la mwisho huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari wamo hatarini kuliko wengine. Huchukua miezi mingi, wakati mwingine miaka, kuachia.

Hatua ya 2: Jiulize kama wewe unaruhusiwa

Usitumie TENS ikiwa una kifaa cha umeme kilichopandikizwa mwilini, kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo, isipokuwa daktari wako wa moyo amekuruhusu. Mwenye kifafa na mjamzito wamuulize daktari kwanza. Usiweke pedi juu ya uvimbe wa saratani, juu ya eneo lenye damu iliyoganda mshipani, wala juu ya kidonda, upele au ngozi iliyopona juzi.

Mbele ya shingo na pembeni mwa koo ni marufuku. Pana mishipa inayoongoza shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na misuli ya koo ikikaza unaweza kushindwa kupumua vizuri. Usipitishe umeme kifuani pia, yaani pedi moja mbele ya kifua na nyingine mgongoni. Kwa bega la kushoto hili lina uzito wa pekee: pedi za mbele zikae begani penyewe, zisiteremke kuelekea titi.

Pima pia hisia ya ngozi. Funga macho, mtu akuguse begani mara kwa ncha ya kijiti cha meno, mara kwa pamba. Kama huwezi kutofautisha, ngozi hiyo haitakuonya umeme ukizidi, kwa hiyo usibandike hapo.

Hatua ya 3: Ijue mashine kabla ya kuiwasha

Mashine nyingi zina chaneli moja au mbili. Kila chaneli ina waya wenye vichwa viwili, na kila kichwa kinaingia kwenye pedi yake. Umeme husafiri kati ya pedi mbili za chaneli moja, kwa hiyo pedi moja peke yake haifanyi kitu.

Vitu vitatu hurekebishwa. Masafa ni idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Upana ni urefu wa kila pigo, kwa maikrosekunde. Nguvu ni ukali unaousikia, nayo huongezwa kwa kitufe au gurudumu dogo. Mashine nyingine zina herufi pia: N ni mtiririko wa kawaida, B ni mapigo yanayokuja kwa mafungu, M ni mapigo yanayobadilikabadilika.

Angalia vizuri kama mashine yako ina sehemu mbili, TENS na EMS. Ya pili imekusudiwa kuikaza misuli kwa mazoezi, si kutuliza maumivu. Nimeona watu wakilalamika kwamba TENS inawavuta bega kwa nguvu, kumbe wamebonyeza EMS.

Hatua ya 4: Andaa ngozi

Osha bega kwa sabuni na maji, likaushe kabisa. Mafuta, losheni na dawa za kuchua zitoke zote: mafuta huzuia umeme, na dawa inayochoma ikifunikwa na pedi huiunguza ngozi. Nywele ndefu zipunguzwe kwa mkasi. Ukizinyoa kwa wembe, subiri siku moja, maana mikwaruzo ya wembe huchoma umeme unapopita.

Hatua ya 5: Mahali pa kubandika

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunatafuta mahali panapouma, tunabandika pedi mbili zilizobanana juu yake, basi. Lengo ni maumivu yawe katikati ya pedi, umeme upite ndani yake. Pedi za sentimita 5 kwa 5 zinalitosha bega la mtu mzima, na kati ya pedi na pedi uache nafasi isiyopungua upana wa pedi moja. Zikigusana, umeme hukatiza juujuu kwenye ngozi.

Kwanza tafuta alama zako. Weka kidole kwenye mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani, uufuate mpaka mwisho. Utafika kwenye mfupa bapa ulio juu kabisa ya bega: hicho ndicho kilele. Sasa peleka mkono nyuma, au umwombe mtu, ulipapase kombe la mkono, mfupa mpana ulio mgongoni. Juu yake kuna ukingo unaopita kwa mshazari kuelekea kwenye kilele. Ukishavijua kilele na ukingo huo, hutapotea tena.

Kama maumivu yako ndani ya kiungo, kama ilivyo kwa bega lililoganda au kiungo kilicholika, bandika pedi moja mbele, upana wa vidole viwili chini ya kilele, na nyingine nyuma kwa usawa huohuo, chini ya ule ukingo. Kiungo kinakaa katikati ya pedi hizo.

Kama maumivu yanasikika upande wa nje wa mkono wa juu, pale mtu anaposhika akisema "bega linaniuma", mara nyingi chanzo ni kano zilizo juu zaidi. Pedi moja iwe juu ya ukingo wa kombe, kwenye bonde la misuli, na ya pili kwenye nyama ya nje ya mkono, chini kidogo ya mahali panapouma. Mpango huu ndio ulionifaa mimi kuliko mwingine wowote.

Kama kinachokaza ni ule msuli kati ya shingo na bega, bandika pedi mbili kwa kuufuata msuli wenyewe, moja karibu na chini ya shingo kwa nyuma, nyingine karibu na kilele. Nyuma, narudia, isije mbele ya shingo.

Ukiwa na chaneli mbili, weka pedi nne kwa msalaba: chaneli ya kwanza kutoka mbele juu kwenda nyuma chini, ya pili kutoka nyuma juu kwenda mbele chini. Maumivu yanakuwa mahali njia mbili za umeme zinapokatana. Ni bora kwa bega linalouma pande zote, ila jaribu pedi mbili kwanza. Zikitosha, zimetosha.

Pedi ya nyuma ni ngumu kujibandikia. Mwombe mtu wa nyumbani, na siku ya kwanza apige picha ili siku nyingine mrudie palepale.

Hatua ya 6: Pandisha nguvu mpaka inapostahili

Mashine iwe imezimwa na nguvu iwe sifuri wakati unabandika. Anza na mpango wa kawaida: masafa kati ya hezi 80 na 120, upana kati ya maikrosekunde 100 na 200. Washa, kisha ongeza nguvu polepole.

Mwanzoni husikii kitu. Halafu kinakuja kitu kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mimi niliishia kwa wiki tatu nzima. Endelea. Ile hisia ya sisimizi inakuwa mtetemo mzito, kama mguu uliokufa ganzi unavyorudi kuwa hai, na unaenea kulifunika eneo lote linalouma. Unachotafuta ni hisia yenye nguvu ambayo bado unaivumilia bila kukunja uso. Ikianza kuuma au misuli ikianza kukaza, rudisha chini kidogo. Kwa mpango huu bega halipaswi kurukaruka.

Baada ya dakika tano au kumi utahisi kama mashine imefifia. Haijafifia: neva zimezoea. Ongeza kidogo, na ufanye hivyo kila hali hiyo inapojirudia. Usifuate namba kwenye kioo. Namba 15 ya mashine moja si namba 15 ya nyingine, na hata kwako inayotosha leo inaweza isitoshe kesho. Kipimo ni ngozi yako.

Ukisikia mchomo mkali kama wa sindano kwenye ukingo wa pedi, punguza nguvu hadi sifuri, uzime, ndipo uangalie pedi. Mara nyingi imekauka au imebanduka upande mmoja, na umeme wote unapita kwenye eneo dogo lililobaki.

Mpango wa pili ni wa masafa madogo, hezi 2 hadi 4, upana wa maikrosekunde 200 au zaidi. Huu misuli hudunda kwa kuonekana, na huchukua dakika 20 hadi 30 tu, kwa sababu misuli huchoka ikabaki na maumivu kesho yake. Ujaribu ikiwa ule wa kawaida haukukupa nafuu. Anayetumia kwa muda mrefu dawa kali za jamii ya mofini anaweza asipate nafuu kubwa kwa mpango huu, maana unapitia njia ileile ya mwili ambayo dawa hizo hupitia. Yeye abaki kwenye masafa makubwa.

Hatua ya 7: Sogeza bega mashine ikiwa inafanya kazi

Kaa dakika kumi za kwanza kimya. Maumivu yakishapungua, anza.

Simama, egemeza mkono usiouma mezani, inama, uache mkono mgonjwa uning'inie na kuzunguka polepole wenyewe kama kitu kilichofungwa kwenye kamba. Kisha kaa mbele ya meza, weka kiganja juu ya kitambaa, usukume mbele kadiri bega linavyokubali, urudi. Halafu simama ukiangalia ukuta na utembeze vidole kupanda juu, hatua kwa hatua. Mara kumi kila zoezi zinatosha. Waya uupitishe ndani ya nguo usije ukanaswa.

Kwa kuwa maumivu yamefunikwa, usijaribu kubeba mzigo wala kuvuta kitu kizito kwa mkono huo. Kumbuka TENS inanyamazisha onyo pamoja na kero. Kipimo cha mazoezi ni asubuhi inayofuata: ukiamka bega linauma kuliko jana yake, ulizidisha. Punguza nusu.

Hatua ya 8: Muda, na mara ngapi

Dakika 30 hadi 60 kwa mkao mmoja zinatosha, na unaweza kurudia mara mbili au tatu kwa siku ukiipumzisha ngozi katikati. Mimi nilikuwa na mkao wa asubuhi kabla ya kuvaa, kwa ajili ya mazoezi, na wa jioni nusu saa kabla ya kulala. Usilale nayo ikiwa inafanya kazi. Usiendeshe gari wala mashine ukiwa umebandika, usiingie bafuni nayo, na usiweke kitu cha moto juu ya pedi.

Ukiitumia kila siku kwa mpango uleule na nguvu ileile, mwili unaweza kuizoea na nafuu ikapungua. Tumia M kwa siku kadhaa, badilisha masafa, sogeza pedi, au pumzika siku mbili. Ongeza nguvu pia, pale unapoweza kuvumilia.

Hatua ya 9: Andika

Chagua mwendo mmoja unaokutesa, mathalani kupeleka mkono mfuko wa nyuma wa suruali. Ufanye kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imewaka, na saa moja baada ya kuzima. Kila mara toa alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10. Alama ya kukaa tu bila kusogea iandike kando, kwa sababu mara nyingi nafuu huonekana zaidi kwenye mwendo. Kushuka kwa alama mbili au zaidi ni nafuu ya kweli. Andika pia mahali pa pedi na masafa, la sivyo baada ya wiki hutakumbuka ni mpango gani uliokusaidia.

Pedi zenyewe

Baada ya kutumia, zima, bandua kwa kushika ukingo na si kwa kuvuta waya, dondoshea tone la maji upande wa gundi, uirudishe kwenye plastiki yake. Pedi ya mtu mmoja isibandikwe kwa mwingine. Kwa kawaida hudumu mara 20 hadi 30. Isiposhika tena, itupe. Wekundu hafifu baada ya kubandua huisha wenyewe. Ukidumu hadi kesho yake au ukiwasha, gundi hiyo haikupatani, tafuta pedi za aina nyingine.

Bega la baada ya kiharusi

Hili nalitenga kwa makusudi. Mkono uliopooza huning'inia na kulivuta bega nje ya mahali pake, na maumivu yake hayafanani na ya mtu mwingine. Hapo wataalamu hutumia umeme wa aina nyingine, unaoikaza misuli ya juu na ya nyuma ya bega ili ilishike lisiteremke. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, tena hisia za ngozi huwa zimepungua upande huo. Usimbandikie mzee wako mashine ya nyumbani kwa kufuata hatua hizi.

Isipofanya kazi

Jaribu mipango mitatu ya pedi, masafa makubwa na madogo, kila kimoja siku tatu au nne, kwa nguvu inayostahili. Baada ya wiki tatu au nne, kama alama hazijashuka hata mashine ikiwa imewaka, bega lako si la TENS. Hilo hutokea, na kosa si lako. Lichukue daftari lako kwa mtaalamu wa fiziotherapia umwonyeshe ulipobandika, ulichosikia na mwendo uliokwama. Ataona kwa dakika chache mambo ambayo ungehitaji nusu saa kumweleza.